Paji la Uso: Yale Lisemayo na Yale Linalosingiziwa



Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22, ukiacha vile vifupa vidogo vya ndani ya masikio. Minane huuzunguka ubongo, 14 huujenga uso. Leo nitazungumzia mmoja tu, mfupa wa paji, na nimeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, mfupa huu una kazi pande zote mbili: ni ukuta wa mbele wa ubongo, na papo hapo ni sehemu ya juu ya uso. Ndiyo maana mkunga, daktari wa macho, daktari wa pua na masikio, mpasuaji wa ubongo na mchunguzi wa maiti wote huuhitaji. Pili, ni mfupa uliobebeshwa maneno mengi. Tangu zamani watu wameutazama wakitafuta humo bahati ya mtu, akili yake, kabila lake, hata uovu wake.

Hoja yangu ni moja. Mfupa wa paji husomeka kweli, na una habari nzito kuhusu afya ya mtoto, maradhi ya mtu mzima, utambulisho wa marehemu na asili ya binadamu. Lakini akili ya mtu na thamani yake hazimo humo. Waliodai kuziona humo walikosea kisayansi, na kosa lao limewatesa watu wetu wa Afrika Mashariki. Anayeujua mfupa huu vizuri hatalirudia.

Anza na kidole chako

Naomba kila mmoja aweke kidole cha shahada katikati ya nyusi zake, juu kidogo ya shina la pua. Hapo mfupa ni bapa. Sogeza kidole upande mmoja, nacho kitapanda kijituta kilicholala juu ya unyusi. Kwa wanaume wengi kijituta hicho hujitokeza. Kwa wanawake wengi hakionekani sana, na paji lao husimama wima zaidi. Wachunguzi wa maiti hutumia tofauti hiyo wanapokadiria kama fuvu ni la mwanamume au la mwanamke, ila hawaitegemei peke yake, kwa kuwa wapo wanaume wenye paji laini na wanawake wenye vituta.

Sasa shuka hadi ukingo wa juu wa tundu la jicho, uufuate kutoka puani kwenda nje. Ukiugawa ukingo huo mafungu matatu, mwishoni mwa fungu la kwanza utagusa kibonyeo, na ukikibinya kitauma. Hapo hupita mshipa wa fahamu unaoihudumia ngozi ya paji mpaka utosini na kupita, ukiandamana na mishipa ya damu. Kwa baadhi ya watu hapo pana tundu kamili badala ya kibonyeo, na mtu huyohuyo anaweza kuwa na kibonyeo upande mmoja na tundu upande wa pili. Mahali padogo hapo pana faida kubwa. Tabibu anayetaka kushona jeraha la paji huchoma sindano moja ya ganzi hapo, na eneo pana likafa ganzi. Akiletewa mgonjwa asiyeitika, hupabonyeza kwa kidole gumba apate kujua kama ubongo bado unapokea maumivu.

Endelea nje mpaka unyusi unapokomea. Hapo mfupa wa paji hukutana na mfupa wa shavu, na hapo ndipo unapoanzia mstari ulioinuka kidogo, unaopinda kwenda juu na nyuma. Weka vidole kwenye panja, kisha uume meno kwa nguvu. Msuli unaotuna chini ya vidole vyako umeshika sehemu ya mstari huo, na kazi yake ni kulivuta taya la chini. Kwa hiyo paji nalo lina sehemu yake katika kutafuna.

Kidole hakifiki kwingine. Chini ya nyusi mfupa huu hukunjika kwenda nyuma na kuwa dari ya matundu ya macho. Dari hiyo ni nyembamba sana. Ukilishika fuvu kavu kuelekea dirishani, utaona mwanga ukipenya. Juu ya dari umelala ubongo, chini yake limekaa jicho. Kwenye kona ya nje kuna kibonyeo kinachohifadhi tezi ya machozi. Kwenye kona ya ndani, karibu na pua, kuna kapi dogo la gegedu ambamo hupita kano ya msuli mmoja wa jicho. Bila kapi hilo, jicho lisingeweza kuzunguka na kushuka inavyotakiwa tunaposhuka ngazi au kusoma kitabu.

Ukuta wa wima wa paji umejengwa kwa tabaka tatu: mfupa mgumu nje, mfupa mgumu ndani, na kati yake mfupa wenye vitundu vilivyojaa uboho na vijishipa vya damu. Ukiukata, utaona umbo la mkate wa kumimina: juu na chini pameshikana, katikati vitundu vitupu. Kwa mpangilio huo mfupa haulemei shingo, na bado unahimili pigo kuliko mfupa mwingine wowote wa uso. Umeungana na mifupa 12: miwili ya utosi, miwili ya pua, miwili ya taya la juu, miwili ya mashavu, miwili midogo ya njia ya machozi, na miwili ya kati iliyo nyuma ya pua na macho. Pigo likitua pajini, nguvu yake hugawanywa kwa jirani hao wote.

Ulikuwa miwili

Mtoto huzaliwa na mifupa miwili ya paji. Mifupa mingi ya mwili, kama ule wa paja, huanza ikiwa gegedu, kisha gegedu hugeuka mfupa. Mfupa wa paji hauifuati njia hiyo. Karibu na wiki ya nane ya ujauzito, mfupa huanza kutengenezwa moja kwa moja ndani ya utando, mahali pawili, juu ya jicho la kulia na juu ya la kushoto, na kutoka hapo husambaa pande zote. Siku ya kuzaliwa nusu hizo mbili bado zimetenganishwa na mshono unaoshuka kutoka utosini hadi puani.

Utengano huo una sababu. Wakati wa kujifungua, kichwa ndicho sehemu ngumu zaidi kupita katika nyonga ya mama, na mifupa iliyotengana huweza kusogeleana na kupandana kidogo. Baada ya kuzaliwa huja dai kubwa zaidi. Ubongo wa mtoto mchanga una takriban robo ya ukubwa utakaoufikia ukubwani; akitimiza miaka miwili, umekwishavuka robo tatu. Mfupa uliokwisha kufungika haungeweza kuupisha. Ukiwa na mshono, mfupa huongezwa kwenye kingo zake kadiri ubongo unavyousukuma, na paji hupanuka bila kuacha pengo.

Mshono wa paji huanza kuziba karibu na mwezi wa tatu, na kwa kawaida huwa umekwisha kuziba ifikapo mwezi wa tisa hivi. Mishono mingine mikubwa ya fuvu husubiri mpaka utu uzima. Kuna watu ambao mshono huu hauzibi maisha yao yote, na hauwadhuru hata kidogo. Ila tabibu lazima alijue hilo, kwa kuwa kwenye eksirei ya mtu aliyeanguka, mshono uliobaki unaweza kudhaniwa ni ufa.

Hatari iko upande wa pili, mshono unapoziba mapema mno, pengine tumboni mwa mama. Mwaka 1851 tabibu Mjerumani, Rudolf Virchow, alieleza kanuni inayofundishwa hadi leo: mshono ukiziba kabla ya wakati, fuvu huacha kupanuka kwa kuukata mshono huo, nalo hukua kwa kufuata upande uliobaki wazi. Mshono wa paji ukiziba mapema, mtoto hupata paji lenye ukingo katikati, na kichwa kikitazamwa kutoka juu huonekana cha pembetatu. Hali hii hurekebishwa na wapasuaji, na matokeo huwa mazuri zaidi mtoto akifikishwa katika mwaka wake wa kwanza. Si laana, wala mama hakukosea lolote. Kumkanda mtoto kichwa hakuwezi kuufungua mshono ulioziba.

Utosi unapozungumza

Pale nusu mbili za paji zinapokutana na mifupa miwili ya utosi hubaki uwazi wenye pembe nne, uliofunikwa na ngozi na utando tu. Kila mzazi anaujua: ni utosi laini wa mtoto, unaocheza kwa mapigo ya moyo. Mara nyingi huziba kati ya mwezi wa 12 na wa 18, na kwa watoto wengine wenye afya huziba mapema au baadaye kidogo.

Ndugu zangu, hakuna kifaa cha bei nafuu kuliko huo utosi. Mtoto anayeharisha na kutapika hupoteza maji, na utosi wake hubonyea. Katika jamii zetu nyingi utosi uliobonyea huhesabiwa kuwa ugonjwa wenyewe, ukapakwa dawa, mafuta au majivu, huku mtoto akiendelea kukauka. Utosi unatoa habari tu; ugonjwa uko tumboni na dawa yake ni maji. Mtoto huyo anahitaji kunyonya mara nyingi zaidi, maji ya chumvi chumvi yenye sukari yanayotolewa kliniki, vidonge vya zinki, na kupelekwa hospitali haraka ikiwa amelegea, macho yameingia ndani au hawezi kunywa.

Utosi uliovimba nao una habari yake. Mtoto akilia, utosi huvimba kidogo, na hilo ni la kawaida. Lakini akiwa ametulia, amekaa wima, na utosi bado umetuna na kukaza, huenda ni homa ya uti wa mgongo au maji yaliyojaa kichwani, na hapo hakuna kusubiri kesho. Kwa maji kichwani, kipimo ni utepe. Muuguzi huupitisha juu tu ya nyusi, akauzungusha hadi kisogoni pale kilipotokeza zaidi, na kulinganisha namba na ya mwezi uliopita. Watoto wenye vichwa vikubwa wanaowahi kupimwa huwekewa mrija wa kuyatoa maji au hufanyiwa upasuaji wa kuyafungulia njia, na ubongo ukaokolewa. Wanaochelewa hupoteza kuona, kutembea, hata uhai. Nawaomba wanafunzi wa uuguzi: msiuone utepe kuwa kazi ndogo.

Kuna ishara nyingine, nayo ni paji linalotokeza. Nilisema kati ya tabaka mbili ngumu kuna uboho. Mtoto mwenye selimundu huvunjikiwa na chembe nyekundu za damu upesi mno, na mwili hujitahidi kufidia kwa kupanua viwanda vyake vya damu, yaani uboho. Uboho ukipanuka, tabaka la kati hunenepa na paji husukumwa mbele. Paji hutokeza pia kwa mtoto mwenye upungufu wa vitamini D, ambaye kwa kawaida atakuwa na matege. Lakini watoto wengi wenye paji kubwa wamelirithi kwa babu zao na ni wazima kabisa. Paji peke yake halitoshi. Likifuatana na macho ya njano, upungufu wa damu, au mikono na miguu kuvimba na kuuma, mtoto apimwe damu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani, na anayegunduliwa mapema hupata kinga na dawa zinazomwezesha kuishi hadi utu uzima.

Hewa ndani ya mfupa

Nyuma ya vile vijituta vya nyusi mfupa una uwazi wenye hewa, kulia na kushoto, uliotenganishwa na ukuta mwembamba ambao ni nadra kukaa katikati barabara. Mtoto huzaliwa bila uwazi huo. Hewa huanza kujipenyeza kutoka puani katika miaka ya kwanza. Kwenye eksirei uwazi huonekana mtoto akiwa na miaka sita hadi minane hivi, nao hukomaa baada ya balehe. Baadhi ya watu huukosa upande mmoja, wengine pande zote, wala hawapungukiwi na chochote.

Uwazi huu umefunikwa na utando unaotoa ute, na ute hushuka puani kwa njia nyembamba. Mafua makali yakiivimbisha njia hiyo, ute hukwama, wadudu huzaliana, na paji huuma, hasa mtu anapoinama. Wengi hupona. Wachache hawaponi, na hao ndio nataka muwajue. Mishipa midogo ya damu inayotoka kwenye uwazi huu hupita ndani ya vitundu vya mfupa kuelekea kwenye utando wa ubongo, na haina vilango vya kuzuia damu kurudi. Usaha hupata njia. Katika karne ya 18 mpasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza uvimbe laini wa paji unaoashiria kwamba mfupa wa chini umeoza na usaha umekusanyika. Maradhi hayo yangalipo, na huwapata zaidi watoto wakubwa na vijana. Kijana mwenye mafua yasiyoisha, homa, maumivu makali ya kichwa, na uvimbe laini pajini au jicho lililofura, asipewe vidonge vya maumivu na kurudishwa nyumbani. Anahitaji hospitali yenye mpasuaji, siku hiyohiyo.

Uwazi huohuo una habari nyingine ya ajabu. Umbo lake, mikunjo yake, idadi ya vyumba vyake, havifanani kwa watu wawili. Hata pacha wa yai moja hutofautiana. Mwaka 1927 madaktari wawili wa Marekani, Culbert na Law, walichapisha kisa cha kumtambua marehemu kwa kulinganisha eksirei za uwazi wa kichwani zilizopigwa kabla na baada ya kifo chake. Tangu hapo njia hiyo imewasaidia watu walioteketea kwa moto au kuharibika majini warudishiwe jina na kuzikwa na jamaa zao.

Pigo

Ngozi ya paji ina damu nyingi, na ngeu hutisha hata jeraha likiwa dogo. Ibane kwa kitambaa safi na damu itasimama. Msuli unaotukunjia paji haukushikamana na mfupa, kwa hiyo damu iliyovilia chini yake haina kizuizi, nayo hushuka polepole mpaka kwenye kope. Mtu aliyegongwa pajini jana anaweza kuamka leo na macho meusi ilhali hakugongwa machoni. Hata hivyo weusi wa macho yote mawili, ukifuatana na majimaji mepesi yanayotiririka puani, unaweza kumaanisha kwamba ile dari nyembamba au mfupa jirani umepasuka na maji ya ubongo yanavuja. Mtu huyo asipenge kamasi wala asizibwe pua, apelekwe hospitali.

Nguvu ya kuupasua ukuta wa wima ni kubwa. Kwa hiyo paji lililopasuka ni ushahidi kwamba pigo lilikuwa kubwa, na ubongo wa nyuma yake umetikiswa. Tarehe 13 Septemba 1848, huko Cavendish, Vermont, Marekani, fundi wa reli Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti kwenye mwamba ilipolipuka. Chuma cha urefu wa mita moja na kidogo na uzito wa kilo sita kiliingia chini ya shavu la kushoto, kikapita nyuma ya jicho, kikatokea juu kupitia mfupa wa paji. Gage hakufa. Daktari wake, John Martyn Harlow, aliandika kwamba tabia yake ilibadilika: mtu mtaratibu akawa hana subira wala mpango. Baadaye alijirudi kwa kiasi, akafanya kazi ya kuendesha magari ya farasi huko Chile, akafariki mwaka 1860. Fuvu lake limehifadhiwa Boston, na kwa kisa chake madaktari walianza kuchunguza kwa makini jinsi sehemu ya mbele ya ubongo inavyoongoza subira, mipango na staha.

Chuma cha siku hizi kwetu ni bodaboda. Uchambuzi wa tafiti nyingi za nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia ya pikipiki hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kofia hufanya kazi kwa kubonyea lile povu gumu la ndani, kichwa kikasimama polepole badala ya kusimama ghafla. Kwa sababu hiyo kofia iliyokwisha kugonga lami mara moja haifai tena, na isiyofungwa mkanda kidevuni huruka kabla ya kichwa kufika chini. Abiria naye ana paji, na mtoto aliyebanwa katikati pia.

Paji la kale

Afrika Mashariki ina ushahidi kuhusu mfupa huu ambao sehemu chache za dunia zinao. Tarehe 17 Julai 1959, mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona katika Bonde la Olduvai fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lenye umri wa miaka milioni 1.75 hivi, ambalo ni mali ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Paji lake limelala kuelekea nyuma, na misuli yake ya kutafuna ilikuwa mikubwa hata ikakutana utosini kwenye ukingo wa mfupa. Mwaka uliofuata, bonde hilohilo lilitoa fuvu la Homo erectus lenye tuta nene la nyusi lililoungana kutoka upande hadi upande. Mwaka 1976, Ngaloba huko Laetoli, likapatikana fuvu la takriban miaka 120,000: ubongo wake umekaribia wetu, tuta la nyusi limepungua, lakini paji bado halijasimama wima.

Kwa nini letu limesimama? Uso wetu ni mdogo na umerudi chini ya ubongo, nao ubongo umekuwa wa mviringo. Zamani wataalamu walidhani tuta la nyusi lilikuwepo ili kuhimili nguvu ya kutafuna. Mwaka 2018, watafiti Ricardo Godinho, Penny Spikins na Paul O'Higgins walichapisha kazi waliyoifanya kwa kompyuta juu ya fuvu lililopatikana Kabwe, Zambia, mwaka 1921. Walilipunguza tuta lake na kupima mkazo wa kuuma. Halikuleta tofauti kubwa. Wakapendekeza kwamba tuta lilikuwa ishara ya ukuu machoni pa wenzake, na kwamba paji lilipolainika, nyusi zilipata uhuru wa kupanda na kushuka, zikawa chombo cha kuonyesha huruma, mshangao na utambuzi.

Na hapa naomba mshike jambo moja. Wale watu wa kale wa Ulaya wanaoitwa Neanderthal walikuwa na paji lililolala, lakini ubongo wao ulilingana na wetu kwa ukubwa, na wengine walituzidi. Paji lililolala halimaanishi ubongo mdogo.

Waliousingizia

Mwishoni mwa karne ya 18, tabibu Franz Joseph Gall alianza kufundisha huko Vienna kwamba kila kipaji cha akili kina mahali pake katika ubongo, na kwamba vituta vya fuvu huonyesha kipi kimekua. Mafundisho hayo yakaenea Ulaya na Marekani. Mliyoyasikia jioni hii yanatosha kuyabomoa. Kituta cha juu ya unyusi kina hewa nyuma yake. Unene wa tabaka la uboho hutofautiana mtu na mtu. Uso wa nje wa mfupa haufuati uso wa ubongo. Na urefu wa paji tunaouona kwenye kioo huamuliwa kwa sehemu kubwa na mahali nywele zinapoanzia, ambalo ni jambo la ngozi.

Kosa hilo lilipopewa nguvu ya serikali, likawa jeuri. Wakoloni walipima vichwa, pua na vimo vya watu Rwanda na Burundi, wakawagawa kuwa wa kutawala na wa kutawaliwa, na katika miaka ya 1930 Wabelgiji wakaliandika kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, vitambulisho hivyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani, na watu wakauawa kwa neno lililoandikwa humo.

Mafuvu yetu nayo yalichukuliwa na Wajerumani. La Mtwa Mkwawa, kiongozi wa Wahehe aliyekufa mwaka 1898, lilitajwa hadi katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu lililotambuliwa kuwa lake likarudishwa mwaka 1954. Liko Kalenga, Iringa. Mangi Meli, kiongozi wa Wachaga wa Moshi, alinyongwa huko mwezi Machi 1900, na wajukuu zake bado wanakitafuta kichwa chake. Berlin pekee ilikusanya zaidi ya mafuvu 1,000 kutoka Afrika Mashariki, mengi yakiwa ya Rwanda. Wapimaji wa wakati huo waliandika urefu na upana kwa uangalifu, huku jina la marehemu likikosekana. Leo wanasayansi hutumia vinasaba kuwatafutia marehemu hao jamaa zao, na hiyo ni kazi ya haki.

Nimalizie kwa maombi matatu. Wauguzi na wazazi: tazameni utosi, pimeni kichwa kila mwezi, na mkiona ishara nilizozitaja, msipoteze siku hata moja. Madereva na abiria: vaeni kofia nzima, mfunge mkanda. Walimu na vijana: mnaposikia mtu anadai kuijua akili au thamani ya mwenzake kwa kutazama kichwa chake, mkataeni papo hapo, kwa ushahidi niliowapa. Mfupa wa paji ni ukuta wa ubongo na dari ya macho. Anayetaka kujua kilichomo nyuma yake hana budi kumsikiliza mwenye nao.